Mzee wa Turkana Aongezewe Fimbo ya Pili

Mzee wa Kiturkana akitoka kwake asubuhi hubeba vitu viwili. Mkono mmoja una fimbo. Mwingine una ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mchana hukaliwa na usiku huwekwa chini ya shingo kuwa mto. Fimbo ni ya kwenda, ekicholong ni ya kutulia. Kwa vizazi vingi vitu hivyo viligawana siku ya mzee: mwendo mrefu nyuma ya mifugo, kisha kituo chini ya ewoi, mgunga wenye kivuli kipana, ambako wanaume huzungumza habari za malisho na maji.

Lodwar imeuvunja mgao huo. Mjini, ekicholong ndiyo inayofanya kazi kutwa, na fimbo imeegemezwa ukutani. Mbuzi wamebaki wachache au wamekwisha kwa ukame. Duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Kukiwa na safari ya Kanamkemer au Napetet, bodaboda inasubiri. Mzee huketi kivulini tangu asubuhi, kivuli kikihama naye akihama nacho, na jua linapotua miguu yake huwa haijamaliza hata safari ambayo mtoto mchungaji huimaliza kabla ya kunywa chai.

Fimbo hiyo inafaa irudi kazini, na iongezewe ya pili.

Wazo la kutembea kwa fimbo mbili lilikua Ufini, nchi ya theluji iliyo mbali na Turkana kwa kila hali. Wanariadha wa huko wanaoteleza kwenye theluji walikuwa wakipata shida kila kiangazi: theluji imeyeyuka, mashindano yako mbele, na mwili hautakiwi kulala. Wakachukua zile fimbo zao za kusukumia, wakaenda nazo msituni wakitembea na kukimbia kwenye nchi kavu. Kwa miongo kadhaa yalibaki mazoezi ya wanariadha hao. Mwaka 1997 kampuni ya Exel ilianza kuuza fimbo zilizotengenezwa mahususi kwa kutembelea, na chama cha michezo ya nje cha Suomen Latu kikaufundisha umma. Wafini waliupa mchezo huo jina lisilo na makuu: sauvakävely, yaani kutembea kwa fimbo. Waliotangulia walitaniwa barabarani, wakiulizwa wamesahau wapi mbao zao za kutelezea. Leo huko ni mazoezi ya kawaida ya watu wa makamo na wazee, na yameenea Ujerumani, Austria, Japani na kwingineko.

Atakayesikia haya Lodwar anaweza kuuliza kuna jipya gani, maana hapa fimbo ipo tangu enzi na enzi. Jipya ni namna ya kuitumia.

Mkongojo huwekwa mbele ya mguu, kisha mwili ukauegemea. Unabeba uzito, hausukumi. Fimbo za Kifini hufanya kinyume. Hushikwa moja kila mkono, ncha zikielekea nyuma. Mguu wa kushoto ukienda mbele, mkono wa kulia nao huenda mbele, na fimbo hudungwa ardhini kati ya nyayo mbili, kamwe si mbele yake. Hapo mkono unasukuma mpaka upite nyonga, kiganja kinafunguka, na mkanda uliofungwa kwenye kifundo cha mkono ndio unaoirudisha fimbo kwa hatua inayofuata. Mvuvi wa Ziwa Turkana anayesukuma mtumbwi kwa upondo kwenye maji machache ataelewa mara moja. Upondo hausukumi maji. Unasukuma nchi iliyo chini, na chombo ndicho kinachokwenda.

Kwa mwendo huo kazi ya miguu inagawiwa mabega, mgongo, kifua na ule msuli wa nyuma ya mkono ambao kwa wazee hulegea mapema. Mgongo hunyooka, kwa sababu mtu hawezi kusukuma vizuri akiwa amejikunja. Na mzee anakuwa na sehemu nne za kugusa ardhi badala ya mbili, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayeogopa kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi.

Ushahidi wa kitabibu upo, na inafaa utajwe kwa vipimo vyake. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Cooper huko Dallas, Marekani, waliwapima watu 22 wakitembea kwa fimbo na bila fimbo. Kwa fimbo, mwili ulitumia oksijeni zaidi kwa takriban asilimia 20, na watembeaji hawakuhisi kwamba wamechoka zaidi. Faida hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu mzee hasa: moyo na mapafu vinapata kazi kubwa bila yeye kulazimika kukimbia. Mwaka 2013 yalichapishwa mapitio ya majaribio 16 yaliyohusisha watu 1,062, wengi wao wenye maradhi ya muda mrefu, na mwelekeo ukawa mmoja: mapigo ya moyo wakati wa kupumzika, shinikizo la damu, uwezo wa kufanya kazi za mwili na hali ya maisha vilikuwa bora. Huko Ottawa, Kanada, wagonjwa 130 wa moyo waligawanywa makundi matatu kwa wiki 12. Kundi moja lilifanya mazoezi makali ya vipindi vifupi, la pili mazoezi ya wastani yasiyokatika, la tatu kutembea kwa fimbo mbili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba makundi yote yalinufaika, lakini waliotembea kwa fimbo ndio walioongeza zaidi umbali wanaoweza kwenda kwa dakika sita.

Kuna dai moja la kuepuka. Wauzaji wa fimbo wamekuwa wakisema kwamba zinapunguza uzito unaoshukia magoti kwa asilimia 30 au zaidi. Watafiti wa Denmark walipolipima dai hilo mwaka 2008 hawakuona goti likipunguziwa mzigo. Mzee mwenye goti bovu asiahidiwe muujiza. Fimbo zitamsaidia kusimama wima, kujiamini na kutembea kwa muda mrefu zaidi, na hiyo peke yake inatosha.

Lakini kwa nini Turkana? Jibu limo katika damu ya watu wa Turkana wenyewe, na limepimwa. Mwaka 2020 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliofanywa na Amanda Lea, Dino Martins, Julien Ayroles na wenzao kutoka Marekani na Kenya. Walipima damu, shinikizo na uzito wa watu wazima 1,226 wa jamii ya Waturkana: wengine bado wanahama na mifugo, wengine wameacha ufugaji lakini wanaishi vijijini, wengine wamehamia mijini. Wafugaji, ambao sehemu kubwa ya chakula chao ni maziwa, nyama na damu, walikuwa na afya nzuri ya moyo. Waliokaa vijijini bila mifugo hawakutofautiana nao sana. Tofauti ilijitokeza mijini, ambako unene, shinikizo la damu na vipimo vingine vilikuwa vibaya zaidi, na hasa kwa mtu aliyezaliwa mjini na kukulia huko.

Utafiti huo haukusema kwamba tatizo ni kukosa kutembea peke yake. Chakula kimebadilika pia: sukari, unga uliokobolewa, mafuta ya kupikia. Hata hivyo, ukiwauliza wazee wa Lodwar kilichobadilika kwanza walipohamia mjini, ni vigumu kuamini kwamba mwendo hautatajwa. Mfugaji hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Ng'ombe humwambia.

Na mwendo wenyewe una historia ndefu katika ardhi hii kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Kanapoi, kusini mwa Lodwar, ndiko ulikopatikana mfupa wa muundi wa kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 4 iliyopita, na umbo la mfupa huo linaonyesha kwamba alitembea kwa miguu miwili. Meave Leakey na wenzake walikipa kiumbe hicho jina la kisayansi mwaka 1995. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Kamoya Kimeu alikuwa ameona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya ziwa, na uchimbaji ukatoa karibu mwili mzima wa kijana mwenye miguu mirefu aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mtoto wa shule wa Lodwar anajua habari za kijana huyo. Babu wa mtoto huyo ndiye aliyeacha kutembea.

Kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi, Kakuma, hali ni nyingine, na kwa namna fulani ni ngumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, ikawapokea vijana wa Sudan Kusini waliokuwa wametembea kwa miguu hadi Ethiopia, wakatimuliwa na vita, wakatembea tena mpaka Kenya. Dunia iliwajua kwa mwendo wao. Inayosahaulika ni hesabu rahisi: mtu mzima aliyeingia Kakuma mwaka huo akiwa na miaka 30 sasa amepita 60. Kambi imezeeka pamoja na watu wake. Makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa mwaka 2016 jirani yake, nayo yana wazee wake.

Mzee wa Kidinka au wa Kinuer naye ni mtu wa ng'ombe na fimbo, kama mwenyeji wake Mturkana. Kambini hana ng'ombe wa kufuata. Akitaka kutoka nje ya eneo hilo anahitaji kibali. Siku yake ina kungoja kwingi: kungoja mgao wa chakula, kungoja kuitwa ofisini, kungoja habari za jamaa. Mwili unaongoja miaka thelathini hudhoofika hata kama hauna ugonjwa wenye jina. Kwa mtu kama huyo, kutembea nusu saa na wenzake kando ya laga ya Tarach, mto wa msimu, asubuhi, kabla jua halijakaza, hakuhitaji kibali cha mtu wala uwanja wa mamilioni. Wazee wa Kisomali, wa Kongo, wa Burundi na wa Sudan Kusini wanaokutana kwenye foleni hupata namna ya kuelewana. Wanaweza kukutana pia kwenye mwendo.

Mwaka 2016, wakimbiaji watano waliotoka Kakuma waliingia uwanjani Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera ya timu, baada ya mazoezi chini ya Tegla Loroupe huko Ngong. Vijana wa kambi wamepata jukwaa la dunia, na wamelistahili. Wazee wao wanaomba kidogo zaidi: njia iliyosafishwa na fimbo mbili.

Kizuizi cha kwanza hakitakuwa fedha. Kitakuwa heshima. Katika Afrika Mashariki fimbo moja ni cheo. Jomo Kenyatta, aliyezuiliwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961 baada ya miaka ya kifungo Lokitaung, anaonekana na bakora katika picha nyingi. Daniel arap Moi hakuachana na rungu lake. Mzee akiinua fimbo barazani, watu husikiliza. Lakini fimbo mbili, moja kila kwapa, ni magongo, na magongo ni ya aliyevunjika. Ndiyo maana jina ni muhimu. Mhudumu wa afya atakayesimama mbele ya wazee wa mtaa wa Nakwamekwi na kutamka neno magongo atakuwa amemaliza kazi kabla ya kuianza. Ziitwe fimbo, kama Wafini walivyoziita, na anayezishika kwanza hadharani awe mtu mwenye nguvu na jina, si mgonjwa.

Kwa bibi, au ata, kama wajukuu wa Kiturkana wanavyomwita, suala linabadilika. Wanawake wengi wazee hawajapumzika kutembea hata siku moja. Wanabeba maji, kuni na makaa kichwani, na kinachowaumiza ni mzigo. Kumwambia mwanamke huyo aongeze mwendo ni kumkosea. Anayehitaji mazoezi haya ni yule ambaye mji umemketisha: msusi wa vikapu vya majani ya eng'ol, yaani mkoma, anayekaa na miguu iliyonyooshwa tangu asubuhi, au muuzaji wa mboga asiyeondoka kwenye meza yake. Kwake nusu saa ya kusukuma kwa mikono miwili, bila kitu kichwani, ni mapumziko ya shingo na mgongo. Na aliyezoea mzigo naye anaweza kufaidika na fimbo hizo siku ambayo wajukuu wamebeba maji badala yake. Hilo la wajukuu ndilo la kwanza kushughulikia.

Fimbo za kiwandani zinapatikana Nairobi, kwa bei isiyolingana na shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo mzee wa miaka 70 hupewa na mpango wa Inua Jamii. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Turkana ina miti ya kutoa fimbo nyepesi na ngumu, na edome, ule mti ambao watoto hula matunda yake, ni mmojawapo. Kipimo ni chepesi: mzee asimame wima, ashike fimbo huku ncha ikigusa chini, kiwiko kikunjike kama pembe ya mlango. Mkanda wa kifundo unaweza kuwa wa ngozi au kitambaa kigumu. Ncha ndiyo yenye kazi, kwa sababu fimbo tupu itazama kwenye mchanga. Fundi wa akala, anayekata tairi kuukuu kuwa viatu, anaweza kukata pia kipande cha mviringo, akakitoboa na kukifunga karibu na ncha. Fimbo za theluji nazo hufungiwa kipande cha mviringo kwa sababu hiyohiyo.

Jua si la kuchezea. Wastani wa joto la Lodwar ni kama nyuzi 30, na alasiri hupita 35. Saa za kutembea ni kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, au jioni jua likikaribia kuzama. Maji yanywewe kabla na baada. Mwaka 2025 watafiti walieleza katika jarida la Science jinsi miili ya Waturkana ilivyozoea ukame, kupitia jeni iitwayo STC1 inayosaidia figo kuhifadhi maji. Watafiti hao walionya pia kwamba urithi uliowafaa jangwani unaweza kuwaletea maradhi ya muda mrefu katika maisha ya mjini. Kwa hiyo uvumilivu wa kiu ambao mzee anajivunia usigeuzwe kuwa sifa ya mazoezi. Anayemeza dawa za shinikizo la damu, anayeumwa kifua akipanda kilima au anayepata kizunguzungu apite zahanati kwanza. Trakoma imepofusha wengi Turkana, na mwenye macho mabovu atembee na mtu anayeona. Miiba ya mti wa mathenge iliyomwagika njiani hupenya hata akala, kwa hiyo njia ya wazee ifyekwe na kufagiwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, hata kwa waliopita miaka 65, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka angalau siku tatu. Nusu saa kwa siku tano inafikisha 150. Aliyekaa miaka mingi aanze na dakika 10, na asione haya kusimama.

Nani afanye kazi hii? Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 57, inaitaka Serikali kuhakikisha wazee wanashiriki kikamilifu katika jamii, wanaishi kwa heshima na wanapata matunzo. Afya ya msingi na maeneo ya burudani yako mikononi mwa kaunti. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Kwa sasa wanapofika nyumbani kwa mzee hupima, huandika na kumshauri aende hospitali. Mhudumu huyo huyo akifundishwa kusukuma fimbo, anaweza kuwakusanya wazee 10 wa mtaa wake mara mbili kwa wiki, akawapima kabla ya kuondoka na akawapima tena baada ya miezi mitatu. Matokeo yataonekana kwenye daftari lake. Mashirika yanayotoa huduma za afya Kakuma yana wahudumu wa jamii pia, wengi wao wakimbizi wenyewe, na yanaweza kuanza kesho.

Ombi la kwanza ni kwa Serikali ya Kaunti ya Turkana. Lodwar huwa na tamasha la Tobong'u Lore, linalowakutanisha Waturkana na ndugu zao wa Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, wazee wakiwemo. Tamasha lijalo lifunguliwe kwa matembezi ya wazee hao, saa 12 na nusu asubuhi, kuelekea Mto Turkwel, wazee wa Kakuma na Kalobeyei wakiwa wamealikwa na kupewa vibali mapema. Gavana atangulie akiwa na fimbo mbili, na mafundi wa akala wa Lodwar walipwe kutengeneza za wote.

Ombi la pili ni kwa wewe uliye na mzazi Lodwar, Kakuma au popote mji ulikomketisha. Kesho asubuhi kabla ya jua kukaza, mkatie fimbo ya pili, umpimie kwenye kiwiko, kisha mwende naye mpaka atakaposema turudi.